Nani Akae na Nani

Fundi wa tangi la maji ya chumvi utamtambua kwa kuchelewa kwake. Mnunuzi wa kawaida akiingia duka la samaki wa mapambo, macho humwendea yule wa buluu, halafu yule wa manjano, na kabla hajamaliza kuzunguka keshanyoosha kidole mara tatu. Fundi husimama mbele ya kioo kimoja, mikono nyuma, kimya. Anaangalia mashavu ya samaki yanavyofunguka na kufumba, kama ni kwa utulivu au kwa kuhema. Anaangalia tumbo kwa ubavuni, limejaa au limebonyea nyuma ya kichwa. Anaangalia mapezi, yamekunjuliwa au yamebanwa mwilini. Anaangalia nani anamfukuza nani, na aliyefukuzwa anakimbilia wapi. Baada ya yote hayo huenda akatoka mikono mitupu, na muuzaji asiyemjua akamwona bahili.

Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe. Kuchagua samaki watakaoishi pamoja ndani ya lita 200 za maji ni kazi ambayo zaidi ya nusu yake ni kukataa. Baharini samaki aliyechokozwa huhama. Mwamba una mashimo yasiyo na idadi na maji hayana ukuta. Kwenye tangi la mita moja anayefukuzwa hukimbia mpaka kwenye kioo, akageuka, akakutana uso kwa uso na adui yake. Ni nyumba ya kupanga yenye ukumbi mmoja na choo kimoja, na mwenye nyumba mwenye akili haulizi kodi tu. Anauliza mpangaji anafanya kazi gani, analala saa ngapi na ana ugomvi na nani.

Kabla ya samaki kuna maji, na hapo sitakaa sana. Gramu 35 za chumvi kwa lita, joto kati ya nyuzi 24 na 27, pampu ya kuyazungusha, na mawe. Maji yakipungua huongezwa maji matamu, maana kinachoruka hewani ni maji peke yake na chumvi hubaki ikizidi kukolea. Wapwani wanaweza kuchota baharini, mbali na mito na mitaro ya mji. Walio bara hununua chumvi maalumu ya kuchanganya, kwa kuwa ya jikoni haina kalisiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo bahari inayo. Mawe nayo si urembo. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza alivyofuga samaki na matumbawe kwa kutia tangini mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado na viumbe vyake, akayapulizia hewa, na maji yakabaki safi. Ndani ya vitundu vya mawe hayo ndimo wanamoishi bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Amonia inayotoka mashavuni na kwenye chakula kilichobaki ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita ili watoshe. Katika wiki hizo hakuna cha kutazama ila mawe na ukoga wa kahawia, na hapo ndipo wengi uvumilivu huwaishia.

Wafugaji wa zamani walikuwa na njia yao ya mkato. Walitia damseli, samaki wadogo wa bei rahisi wanaostahimili maji mabaya, ili uchafu wao uwalishe bakteria. Walistahimili kweli. Wiki sita zikaisha, maji yakawa safi, na tangi likawa tayari lina wenyewe. Kila samaki aliyeletwa baadaye, aliyechaguliwa kwa mapenzi na kulipiwa pesa nyingi, aliingia kama mgeni kwenye shamba la watu. Anayetaka kujua ukali wa ukoo huu na akaogelee kwenye mwamba wowote wa pwani yetu ya Afrika Mashariki maji yakitulia. Yupo damseli wa kahawia, hatimizi urefu wa kiganja, ambaye ni mkulima: hutunza kiwanja chake cha mwani juu ya tumbawe lililokufa, hung'oa mwani asioutaka, na humwendea mbio yeyote anayekaribia, awe pono mwenye uzito mara nyingi kuliko wake, awe binadamu mwenye miwani ya kuzamia. Yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, ambaye akiwa mdogo hucheza kwenye anemoni za bahari pamoja na jamaa zake na huonekana hana hatia, akikua hupita sentimita 10 na hulitawala tangi zima. Siku hizi wanaojua huanzisha tangi kwa amonia ya chupa au kipande cha kamba kinachooza, bila samaki yeyote ndani. Damseli ni samaki wazuri. Ila kumtanguliza damseli ni kumkabidhi funguo.

Fundi akianza kuchagua, jambo la kwanza analolitazama ni mdomo. Samaki hana adabu ya meza: kinachoingia mdomoni ni chakula, na hakuna kushiba wala kuzoeana kutakakobadilisha hilo. Samaki simba, yule mwenye miiba ya sumu iliyotandazwa mfano wa manyoya, huelea polepole na hajishughulishi na mtu, na kwa upole huohuo siku moja asubuhi utakuta jirani yake hayupo. Mtoto wa chewa ni vivyo hivyo. Hawa si wakorofi, na wakiwekwa na wakubwa wenzao huishi kwa amani miaka mingi. Ni kwamba hawawezi kukaa na wadogo, basi.

Kinachofuata ni umbo. Samaki hagombani na kila mtu; hugombana na anayefanana naye. Aliye na mwili kama wake, rangi kama yake, au anayekula anachokula yeye, huyo ndiye mpinzani, kwa sababu mwambani ndiye angemnyang'anya shimo, chakula au mke. Ndiyo maana samaki wa urefu wa kidole anaweza kuishi bila neno ubavuni mwa samaki aliye mara tatu yake, halafu akamuua pacha wake. Yupo gramma wa Karibiani, nusu ya mbele zambarau na nusu ya nyuma manjano kama aliyechovywa katika ndoo mbili. Hukaa chini ya jiwe lililoinama, mara nyingi kichwa chini tumbo juu, akilifuata dari la pango lake, na mwenzake akikaribia humfungulia mdomo mpana kumtisha, kisha yakaisha. Anafaa kabisa kwa anayeanza, mmoja tu kwa tangi. Lakini kule Pasifiki yupo mwingine mwenye rangi hizohizo mbili, zambarau mbele na manjano nyuma, ambaye kwenye picha ndogo huwezi kuwatofautisha. Huyo wa pili hafungui mdomo kutisha. Anauma. Nimewaona watu wakiwabeba wote wawili katika mfuko mmoja kwa furaha, wakidhani wamepata jozi.

Walio karibu na kioo wakiniambia wanataka jozi ya kweli, huwaelekeza kwa wale wa rangi ya chungwa wenye mishipi mitatu myeupe, ambao watoto wa dunia nzima huwaita Nemo tangu filamu ya mwaka 2003. Kitaalamu ni Amphiprion ocellaris, wa bahari za Asia ya Kusini-Mashariki mpaka kaskazini mwa Australia. Sisi tuna binamu zao: Amphiprion allardi mwenye mwili wa kahawia iliyokolea na mikanda miwili myeupe, na Amphiprion akallopisos mwenye mstari mweupe wa mgongoni. Allardi ni mrembo lakini ana hasira zaidi, na kwa kawaida huvuliwa baharini. Ocellaris alianza kuzalishwa matangini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Anayeuzwa leo mara nyingi amezaliwa ndani ya kioo, amekula chakula cha kopo tangu utotoni, na hakuna mwamba uliompoteza. Kwa mfugaji mpya, mzigo umeshapungua nusu. Akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kuambiwa kabla ya kulipa.

Kuwachagua wawili hawa kuna siri yake, na siri hiyo imo katika maisha yao ya baharini. Kwenye anemoni moja huishi kikundi kidogo kilichopangwa kwa kimo. Mkubwa kuliko wote ni jike. Anayemfuata ni dume wake. Waliobaki hawajawa chochote, wanangoja. Jike akifa, dume hugeuka jike na wa tatu hupanda kuwa dume. Hans na Simone Fricke waliyaeleza hayo mwaka 1977. Mwaka 2003 Peter Buston, aliyewachunguza ndugu zao wa Papua New Guinea, akaonyesha lililo la ajabu zaidi: wadogo huzuia ukuaji wao wenyewe. Kila mmoja hubaki nyuma kidogo ya aliye mbele yake, maana akimkaribia kwa kimo atafukuzwa, na kufukuzwa kutoka kwenye anemoni ni kuliwa.

Kwa hiyo fundi hatafuti dume na jike. Anatafuta vijana wawili, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenziwe, na muda hufanya mengine. Anayenunua wakubwa wawili wanaolingana pengine amenunua majike wawili, na majike wawili hawakai nyumba moja. Nyumbani ukiwatazama karibu utajua kama wamekubaliana. Mkubwa akimjia mdogo, mdogo hakimbii wala hasimami kupigana. Hulala ubavu kidogo, akainua kichwa, na mwili mzima ukamtetemeka kwa sekunde moja au mbili. Mkubwa hupita zake. Ndani ya wiki chache mtetemo huo huwa salamu tu, na usiku wanalala wakigusana kwenye pembe moja ya tangi, au chini ya pampu, au popote walipoamua pawe anemoni yao. Anemoni yenyewe hawaihitaji. Inataka mwanga mkali na maji yaliyokomaa kwa miezi, na ikifa inaoza na kuchafua kila kitu. Ni ya kusubiri.

Mpaka hapo tumejaza katikati ya tangi. Chini kwenye mchanga pako wazi, na fundi hupenda kujaza kila ghorofa kwa wenyeji wake ili wasipishane. Kwa anayeanza mimi ningemtetea gobi wa manjano na kamba wake mchimbaji, hata kama pesa zilizobaki ni za hao wawili peke yao. Sijaona kitu kwenye tangi kinachostahili kiti na kikombe cha kahawa kuliko hao. Kamba huyo haoni vizuri. Hutoka shimoni amekumbatia kokoto na mchanga kwa makucha yake, akavisukuma nje, akarudi, akatoka tena, siku nzima bila kupumzika. Upapasio wake mmoja muda wote umemgusa gobi. Gobi hachimbi hata punje moja. Yeye hukaa mlangoni ametazama nje, macho yamechomoza juu ya kichwa. Kivuli kikipita hutikisa mkia, mtikiso mfupi ambao wewe usingeuona, lakini kamba ameusikia kwenye upapasio na keshaingia ndani kinyumenyume. Hatari ikizidi gobi mwenyewe huingia kwa kichwa, na mlango ukabaki mtupu. Jozi za namna hii zipo pia kwenye mchanga wa miamba yetu. Waogeleaji wengi huzipita bila kuziona kwa kuwa wamekazana kuangalia matumbawe.

Na hapa unaona kwa nini nasema kuchagua samaki ni kazi ya mikono pia. Atakayemweka kamba mchimbaji lazima awe amesimamisha mawe yake juu ya sakafu ya kioo kabla ya kumwaga mchanga. Mawe yaliyokalia mchanga yatachimbuliwa chini, na usiku mmoja yataporomoka, kama si juu ya samaki basi kwenye kioo. Mpangaji wa mwisho anaamua msingi wa nyumba.

Wapo wengine wenye kukubalika ambao nitawataja kwa haraka. Samaki mwembamba mwenye mbele nyeupe, nyuma nyekundu ya moto na upindo mrefu mgongoni, Nemateleotris magnifica, anayepatikana toka Afrika Mashariki mpaka Pasifiki: mpole, mwoga, na akishtuka huruka nje, hivyo tangi lifunikwe kwa wavu. Mla ukoga wa mwambani, Salarias fasciatus, anayekaa juu ya jiwe amejiegemeza kwa mapezi na kuchokonoa majani ya kijani siku nzima. Atiwe tangi likishapata ukoga wa kumtosha. Na kadinali wa Banggai, mweusi kwa fedha na mapezi marefu yenye nukta nyeupe, anayetoka visiwa vichache karibu na Sulawesi. Dume lake hubeba mayai mdomoni, na yakianguliwa huendelea kuwabeba watoto kwa siku kadhaa, muda wote huo halili. Kwa kuwa watoto wake hawasambazwi na mikondo ya bahari, asili yake imebaki sehemu ndogo hiyo, na uvuvi ulipomwelemea akaingia kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Anazalishwa matangini bila shida. Asiye na uhakika samaki huyo katokea wapi asimnunue.

Sasa wanaokataliwa. Nilimsikia fundi mmoja hapa Mombasa akiulizwa na kijana.

"Shikamoo, mzee. Huyu wa buluu mwenye mkia wa manjano bei gani?"

"Marahaba. Bei si neno. Tangi lako refu kiasi gani?"

"Kama meza hii."

"Huyo ni kangaja, mwanangu. Leo ni kidole, akikua ni futi moja, na mchana kutwa hana kituo. Meza hiyo ataimaliza kwa mapigo matatu ya mkia, halafu afanye nini?"

"Basi nipe mdogo."

"Huyo ndiye mdogo."

Kangaja wote wana wembe kila upande wa shina la mkia, na aliyebanwa huutumia. Zaidi ya hapo, kangaja mwenye dhiki ni wa kwanza kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe. Wapo wengi kwenye miamba ya Kenya na Tanzania, tena wa rangi za kumfanya mtu asahau ahadi zake, na jibu ni lilelile: tangi la lita mamia kadhaa, au hapana.

Vitatange hukataliwa kwa sababu nyingine. Baadhi yao hula tumbawe lililo hai na hawajui chakula kingine. Utamtia uduvi, atautazama, atapita, na ndani ya wiki chache mgongo utaanza kuchongoka. Yule samaki mdogo wa michoro ya kijani na chungwa anayeitwa mandarini naye hufa kwa njaa katikati ya chakula, kwa kuwa huokota vijidudu hai kimojakimoja juu ya mawe, na tangi jipya halina vya kumtosha. Msafishaji, yule mwenye mstari mweusi wa ubavuni, kisa chake kinaniuma zaidi. Mwambani ana kituo chake, na wakubwa huja kupanga foleni ili awatoe wadudu mwilini na hata ndani ya midomo. Mwaka 2019 watafiti wa Osaka walieleza kuwa samaki huyo, akiwekewa alama mwilini na akajiona kwenye kioo, hujaribu kuifuta, jambo ambalo wanyama wachache wamewahi kulionyesha. Huvuliwa pwani yetu na kuuzwa nje. Kwenye tangi la samaki watano hana wateja. Hawasumbui wenziwe kwa ubaya, anatafuta kazi, na asipoipata hukonda. Muuzaji atakwambia atakutibia samaki wako. Usimsikilize.

Ujuzi huu wote haukuzaliwa dukani. Umetoka kwa watu wanaoogelea. Kenya imeuza samaki hai wa mapambo nje kwa miongo kadhaa, na vijana wa Kilifi, Mombasa na Kwale wanaozamia kazi hiyo wanajua nani anakaa shimo gani kuliko kitabu chochote. Huzungushia jiwe wavu mdogo, mmoja akamtoa samaki kwa kijiti bila kumgusa, mwingine akamkinga kwa wavu wa mkono. Akitoka kwenye kina hupandishwa polepole, kwa sababu kibofu cha hewa cha samaki hutanuka maji yanapopungua uzito juu yake. Ufilipino na Indonesia kulienea mtindo wa kupuliza sayanaidi kwenye mashimo ili samaki alegee. Hutoka akiwa mzima kwa macho, na hufa baadaye kwa mnunuzi asiyejua sababu. Samaki aliyevuliwa kwa wavu na subira ana thamani ambayo haionekani kwenye kioo cha duka, na mwenye kupanga tangi anadaiwa na yule mzamiaji.

Orodha ikishakamilika, imebaki zamu ya kuingia, na hapa wenye ujuzi na wenye pesa huachana njia. Mpole huingia kwanza, mkali mwisho. Mwoga anahitaji wiki za kuchagua shimo na kujiona ana haki. Mkali akija baada ya hapo hukuta mipaka imeshawekwa. Ukigeuza zamu, samaki walewale, tangi lilelile, unapata vita. Yule mdogo wa mistari sita anayepatikana kwenye miamba yetu, hafiki sentimita 10, akiingia mwisho ni raia mwema, akitangulia atawaandama wote wanaomfuata. Na huingia mmoja au wawili kwa mara moja, kisha wiki kadhaa zipite, kwa sababu bakteria nao wanapaswa kuongezeka kufuata uchafu ulioongezeka. Kwa lita 200, samaki watano au sita wadogo wanatosha. Nafasi inayobaki tupu si hasara.

Siku ya mgeni, fundi huwalisha wenyeji mpaka washibe. Huhamisha mawe mawili matatu, ili wenye mipaka wajikute nao wamepotea na kila mmoja aanze kutafuta pake upya. Huzima taa. Wengine hutia mgeni ndani ya kisanduku chenye matundu kwa siku chache, wenyeji wamtazame, wajirushe kwenye plastiki, wachoke. Kabla ya yote hayo mgeni amekaa peke yake wiki mbili hadi nne kwenye chombo cha pembeni. Mdudu wa madoa meupe hutoka kwa samaki, akajifungia sakafuni, akapasuka na kutoa watoto wengi wanaotafuta samaki mwingine. Akishaingia tangi kubwa, dawa ya shaba inayomuua humuua pia kamba, na njia inayobaki ni kuwatoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki kwa wiki kumi na zaidi. Chombo cha pembeni ni ndoo ya plastiki, pampu na kipande cha bomba la kujifichia. Sijui kitu cha bei ndogo kilichookoa samaki wengi zaidi.

Ukienda dukani, basi, nenda bila haraka na ukiwa umeshaandika majina ya unaowataka na zamu zao. Simama. Ukimpata unayemtaka, mwombe muuzaji amlishe mbele yako kabla hujatoa pesa. Mwaminifu hachukii kuombwa hivyo. Samaki akila, mchukue. Asipokula, hata awe mzuri vipi, mwache palepale urudi wiki ijayo.